Istilahi za biashara za Kiaisilandi

Istilahi za biashara za Kiaisilandi ni maneno yanayotumika nchini Aisilandi kutaja mambo ya biashara, fedha, uhasibu na uchumi. Nyingi kati yake zimeundwa kwa makusudi kutokana na mizizi ya lugha yenyewe, zishike nafasi ya maneno ya kimataifa ambayo Kiingereza kiliyapata kutoka Kilatini, Kifaransa na Kiitalia. Kwa sababu hiyo si rahisi kukisia neno la Kiaisilandi kwa kulitazama lile la Kiingereza: *inflation* huitwa *verðbólga*, *bond* huitwa *skuldabréf*, na *auditor* huitwa *endurskoðandi*.

Aisilandi ni nchi ya kisiwa yenye wakazi wasiofika 400,000. Hata hivyo sheria za kampuni, mikataba ya mikopo ya nyumba, taarifa za benki kuu na habari za uchumi magazetini huandikwa kwa lugha ya nchi. Jambo hilo limewezekana kwa sababu lugha ina istilahi za kutosha katika fani hizo.

## Matamshi

Herufi *þ* hutamkwa kama *th* katika neno "thamani", na *ð* kama *dh* katika neno "dhahabu". Herufi *j* hutamkwa kama *y* ya Kiswahili, *á* hukaribia "au", na *æ* hukaribia "ai". Mkazo huwa kwenye silabi ya kwanza ya neno.

## Historia

### Mifugo, kitambaa na fedha

Aisilandi ilianza kukaliwa na watu kutoka Norwei katika karne ya 9. Sarafu zilikuwa chache, hivyo bidhaa zilitumika kupimia thamani. Kitambaa cha sufu kilichofumwa nyumbani, *vaðmál*, kilipimwa kwa dhiraa na kutumika kulipia madeni, kodi na faini. Kipimo kingine kilikuwa *kúgildi*, yaani "thamani ya ng'ombe". Ng'ombe mmoja alihesabiwa kuwa sawa na kondoo jike sita, au dhiraa 120 za kitambaa.

Maisha hayo yameacha alama katika lugha ya fedha ya leo. Neno *fé* lilimaanisha mifugo na mali kwa pamoja, na hadi sasa *sauðfé* ni kondoo. Umbo lake la umilikishi, *fjár*, limo katika *fjármál* (mambo ya fedha), *fjárfesting* (uwekezaji), *fjármagn* (mtaji) na *fjárlög* (bajeti ya serikali, kwa maana ya neno kwa neno "sheria za fedha"). Uhusiano wa mifugo na fedha uko pia katika Kilatini, ambamo *pecunia*, "fedha", limetokana na *pecus*, "mifugo".

Kutoka *fé* pia kulipatikana *félag*, yaani "kuweka mali pamoja". Aliyeshiriki katika ubia huo aliitwa *félagi*. Waskandinavia waliohamia Uingereza zamani walikwenda na neno hilo, nalo likawa *fellow* la Kiingereza. Leo *félag* ni chama au kampuni, na limo katika majina ya kisheria ya aina nyingi za kampuni za Aisilandi.

### Utawala wa Denmark

Kuanzia mwaka 1602 hadi 1787 biashara ya Aisilandi ilikuwa chini ya ukiritimba uliowekwa na mfalme wa Denmark. Ni wafanyabiashara wenye kibali tu walioruhusiwa kununua samaki na sufu na kuleta nafaka, mbao na chuma. Mkulima aliyeuza nje ya utaratibu huo aliadhibiwa. Lugha ya vitabu vya hesabu na barua za biashara ikawa Kidenmark, na maneno mengi ya Kidenmark na Kijerumani yakaingia madukani. *Víxill*, yaani hati ya ahadi ya malipo, ni mmoja wa mifano iliyobaki.

Uamsho wa lugha ulianza kwa wasomi wa Aisilandi walioishi Copenhagen. Mwaka 1779 walianzisha *Hið íslenska lærdómslistafélag*, chama cha elimu ambacho moja ya shabaha zake ilikuwa kulinda lugha ya asili na kuunda maneno mapya badala ya kuazima. Mwaka 1816 ilianzishwa jumuiya ya fasihi, *Hið íslenska bókmenntafélag*, kwa msukumo wa mtaalamu wa lugha wa Denmark, Rasmus Rask.

Mageuzi ya biashara yalikwenda pamoja na yale ya lugha. Mwaka 1882 wakulima wa kaskazini waliunda ushirika wa kwanza, *Kaupfélag Þingeyinga*, ili wasitegemee tena maduka ya wafanyabiashara wa Denmark. Neno *kaupfélag* limeunganisha *kaup*, "ununuzi", na *félag*. Benki ya taifa, *Landsbanki*, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1885.

### Kamati za maneno

Katika karne ya 20 kazi ya kuunda istilahi ilipangwa vizuri zaidi. Chama cha wahandisi kiliunda kamati ya maneno mwaka 1919, na katika miaka ya 1920 kamati hiyo ilitoa pia orodha ya maneno ya biashara. Shule ya biashara, *Verslunarskóli Íslands*, ilikuwa imefunguliwa mwaka 1905, na mwaka 1941 masomo ya biashara yakaingizwa katika Chuo Kikuu cha Aisilandi. Walimu walihitaji maneno ya kufundishia, hivyo baadhi ya istilahi zilizaliwa darasani.

Baraza la Lugha ya Kiaisilandi, *Íslensk málnefnd*, liliundwa mwaka 1964. Katika miaka ya 1980 ilichapishwa kamusi ya biashara ya Kiingereza na Kiaisilandi iliyotungwa na Terry G. Lacy na Þórir Einarsson. Hifadhi ya istilahi kwenye intaneti ilifunguliwa mwaka 1997, na sasa inatunzwa na Taasisi ya Árni Magnússon mjini Reykjavík.

Aisilandi ilipoingia katika Eneo la Kiuchumi la Ulaya mwaka 1994, ililazimika kutafsiri maelfu ya kurasa za kanuni za benki, bima, ushindani na hesabu za kampuni. Kitengo cha tafsiri cha Wizara ya Mambo ya Nje kikawa mojawapo ya vyanzo vikubwa vya istilahi mpya.

## Njia za kuunda maneno

Njia nne hutumika zaidi.

1. Kuunganisha maneno mawili au zaidi. *Hlutabréf*, "hisa", ni *hlutur*, "sehemu", pamoja na *bréf*, "barua" au "hati". Kwa kubadili sehemu ya kwanza hupatikana *skuldabréf*, "hati ya deni", na *verðbréf*, "hati ya thamani". Mwanafunzi aliyeelewa moja huelewa na nyingine.
2. Kulipa neno la kale maana mpya. *Sími*, neno la kale la "uzi", lilifufuliwa liwe jina la simu. Katika fedha, *vextir*, "riba", ni wingi wa *vöxtur*, "ukuaji".
3. Kutafsiri sehemu za neno la kigeni. *Bókhald*, utunzaji wa vitabu vya hesabu, limefuata Kidenmark na Kijerumani. *Aflandsfélag*, kampuni iliyosajiliwa nje ya nchi ili kupata nafuu ya kodi au usiri, limefuata *offshore company* la Kiingereza.
4. Kuazima na kulirekebisha neno. *Banki* na *kvóti* ni maneno ya kigeni yaliyopewa miisho ya Kiaisilandi ili yabadilike kama majina mengine ya lugha hiyo.

## Orodha ya istilahi za msingi

| Kiingereza | Kiaisilandi | Maana ya sehemu za neno | Kiswahili |
|---|---|---|---|
| business, trade | viðskipti | kubadilishana na mwingine | biashara |
| customer | viðskiptavinur | rafiki wa biashara | mteja |
| goodwill | viðskiptavild | nia njema ya biashara | thamani ya jina la biashara |
| share | hlutabréf | hati ya sehemu | hisa |
| bond | skuldabréf | hati ya deni | hatifungani |
| securities | verðbréf | hati ya thamani | dhamana |
| stock exchange | kauphöll | jumba la ununuzi | soko la hisa |
| interest | vextir | ukuaji | riba |
| inflation | verðbólga | uvimbe wa bei | mfumuko wa bei |
| index | vísitala | namba inayoonyesha | fahirisi |
| value added tax | virðisaukaskattur | kodi ya ongezeko la thamani | kodi ya ongezeko la thamani |
| auditor | endurskoðandi | anayetazama tena | mkaguzi wa hesabu |
| equity | eigið fé | mali ya mwenyewe | mtaji wa wenye kampuni |
| bankruptcy | gjaldþrot | kuishiwa malipo | kufilisika |
| export | útflutningur | kusafirisha kwenda nje | mauzo ya nje |
| start-up company | sprotafyrirtæki | kampuni chipukizi | kampuni changa |
| money laundering | peningaþvætti | kufua fedha | utakatishaji wa fedha |

Kwa majina ya kampuni, kifupisho *hf.* ni *hlutafélag*, kampuni ya hisa, ambayo mtaji wake haupungui króna 4,000,000. *Ehf.* ni *einkahlutafélag*, kampuni binafsi ya hisa, yenye mtaji usiopungua króna 500,000. *Ohf.* hutumika kwa kampuni ya hisa inayomilikiwa na umma, kama vile shirika la utangazaji la taifa.

## Ulinganisho na Kiingereza na Kiswahili

Maneno mengi ya biashara ya Kiingereza yana picha ndani yake pia, lakini picha hiyo imefichwa na lugha ya asili. *Capital* linatokana na neno la Kilatini la "kichwa", *invest* linatokana na "kuvisha nguo", na *bankrupt* linatokana na maneno ya Kiitalia ya "benchi lililovunjika". Msomaji wa kawaida wa Kiingereza haoni picha hizo. Mwaisilandi anayesoma *höfuðstóll*, kiini cha mkopo kabla ya riba, hukiona "kichwa" mara moja, kwa kuwa *höfuð* ndilo neno analolitumia kila siku.

Kiswahili kiko katikati. *Bajeti*, *benki* na *kampuni* yameazimwa. *Hisa* na *riba* yametoka Kiarabu. *Riba* lina asili ya "kuongezeka", picha ileile iliyomo katika *vextir*. *Mfumuko wa bei*, *mkaguzi* na *uwekezaji* yamejengwa kwa vitenzi vinavyojulikana na kila msemaji. Kodi ya ongezeko la thamani imeundwa kwa vipande vilevile katika Kiswahili na Kiaisilandi. Aisilandi ilianza kutoza kodi hiyo mwaka 1990.

## Mambo ya kuangaliwa katika tafsiri

Namba kubwa. Kiaisilandi huita milioni elfu moja *milljarður*. Neno *billjón* ni milioni milioni, yaani ile ambayo Kiingereza cha leo huiita *trillion*. Anayetafsiri *billion* kwa *billjón* huikuza hesabu mara elfu moja. Tena, nukta hutenganisha maelfu na mkato hutenganisha desimali: 1.500,75 ni elfu moja na mia tano na sehemu 75 za mia.

Neno moja la Kiingereza, maneno mengi ya Kiaisilandi. *Interest* ni *vextir* ikiwa ni riba, *hagsmunir* ikiwa ni maslahi, na *áhugi* ikiwa ni hamu ya kujua jambo. *Director* anaweza kuwa *stjórnarmaður*, mjumbe wa bodi, au *framkvæmdastjóri*, mtendaji. Kuchanganya hayo katika mkataba hubadili wajibu wa mtu kisheria.

Neno moja la Kiaisilandi, maana mbili. *Innflytjandi* ni mwagizaji wa bidhaa na pia mhamiaji. *Kaup* ni ununuzi na pia ujira. *Reikningur* ni ankara na pia akaunti.

Miisho ya maneno. Majina hubadilika kulingana na hali nne za sarufi. *Verðbólga* huonekana pia kama *verðbólgu*, na *hlutur* huwa *hluta* ndani ya *hlutabréf*. Katika kamusi neno huorodheshwa chini ya umbo la kwanza.

## Maneno na madeni

Uwazi wa istilahi ulijaribiwa katika matatizo ya kiuchumi. Mwaka 1983 mfumuko wa bei ulizidi asilimia 80. Ili kulinda thamani ya akiba na mikopo, sheria ya mwaka 1979 ilikuwa imeruhusu deni lifungwe kwenye fahirisi ya bei. Utaratibu huo unaitwa *verðtrygging*, kutoka *verð*, "bei", na *trygging*, "bima" au "dhamana". Neno linaeleweka kirahisi, ila halisemi anayelindwa ni nani. Bei zikipanda, deni la mkopaji huongezeka. Anayekingwa ni mkopeshaji. Mjadala kuhusu mikopo hiyo umeendelea kwa miongo mingi.

Kabla ya mwaka 2008 ilienea mikopo iliyoitwa *myntkörfulán*, "mikopo ya kikapu cha sarafu". Familia ilikopa kwa króna ili inunue gari au nyumba, lakini deni lilifuata viwango vya fedha za kigeni kama yeni na faranga ya Uswisi. Riba yake ilikuwa ndogo, na jina lake halikutisha. Oktoba 2008 benki tatu kubwa, Landsbanki, Glitnir na Kaupþing, zilianguka ndani ya muda wa wiki moja hivi. Rasilimali za benki hizo zilikuwa zimefikia takriban mara kumi ya pato la taifa la mwaka. Króna iliporomoka, na madeni ya kikapu yakapanda sana. Juni 2010 Mahakama Kuu ya nchi iliamua kwamba kufunga mkopo wa króna kwenye viwango vya fedha za kigeni kulikuwa kinyume cha sheria.

Kipindi hicho kilileta maneno mengine katika mazungumzo ya kila siku:

- *útrás*: "kutoka kwenda nje", yaani upanuzi wa kampuni za Aisilandi katika nchi za nje. Wafanyabiashara walioongoza upanuzi huo waliitwa *útrásarvíkingar*, "maharamia wa Viking wa upanuzi", kwanza kwa sifa, baadaye kwa kejeli.
- *hrun*: "poromoko", jina la anguko lenyewe.
- *gjaldeyrishöft*: vizuizi vya fedha za kigeni, vilivyowekwa mwaka 2008. Sehemu kubwa yake iliondolewa mwaka 2017.
- *búsáhaldabylting*: "mapinduzi ya vyombo vya jikoni", maandamano ambayo watu walipiga sufuria na masufuria mbele ya bunge.
- *kennitöluflakk*: "utangatangaji wa namba ya utambulisho", desturi ya kuiacha kampuni ifilisike na madeni yake na kuendeleza biashara ileile chini ya kampuni yenye namba mpya.

Aprili 2010 tume ya uchunguzi ya bunge ilitoa taarifa yake kuhusu anguko hilo, yenye zaidi ya kurasa 2,000. Iliandikwa kwa Kiaisilandi, ikauzwa madukani na kununuliwa kwa wingi. Waigizaji wa ukumbi wa michezo wa jiji la Reykjavík waliisoma yote kwa sauti mbele ya umma, mchana na usiku kwa siku kadhaa. Taarifa ya mabenki, riba na dhamana iliweza kusomwa hadharani namna hiyo kwa kuwa istilahi zake zilikuwa tayari katika lugha ya wasikilizaji.

## Maneno ya kigeni yanayodumu

Si kila istilahi iliyoundwa hukubalika. Mfumo wa kugawa haki za uvuvi ulianza mwaka 1984, na sheria hutumia *aflamark* na *aflahlutdeild*, maneno yaliyojengwa juu ya *afli*, "samaki waliovuliwa". Wavuvi na wanasiasa, hata hivyo, wamezoea kusema *kvóti*. Vivyo hivyo hundi ina jina la *ávísun* na jina la kuazimwa *tékki*. Katika mazungumzo ya ofisini husikika pia *díll*, "mapatano", kutoka Kiingereza, ingawa waandishi waangalifu huandika *samningur*.

## Hali ya sasa

Sheria ya mwaka 2011 inatamka kwamba Kiaisilandi ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Sheria ya mwenendo wa biashara ya mwaka 2005 inataka matangazo yanayowalenga watumiaji wa Aisilandi yawe kwa Kiaisilandi. Pamoja na hayo Kiingereza kimeenea katika utalii, katika kampuni za teknolojia na miongoni mwa wafanyakazi kutoka nje, ambao kundi lao kubwa zaidi linatoka Poland. Kampuni nyingine hufanya vikao vyake kwa Kiingereza, na baadhi zimechukua majina ya Kiingereza.

Wanaotetea istilahi za wenyeji husema kwamba mtu anayetia sahihi mkataba wa mkopo ana haki ya kuuelewa bila mkalimani. Wanaotilia shaka hujibu kwamba kila neno jipya ni mzigo kwa anayefanya biashara na dunia nzima, na kwamba neno linaloeleweka laweza bado kuficha hatari, kama ilivyoonekana kwa *verðtrygging* na *myntkörfulán*. Kwa sasa lugha zote mbili hutumika sambamba: wahasibu na wanasheria wa Aisilandi husoma viwango vya kimataifa kwa Kiingereza, kisha huandika hesabu na hukumu kwa Kiaisilandi.

## Tazama pia

- Kiaisilandi
- Uchumi wa Aisilandi
- Króna ya Aisilandi
- Istilahi
- Baraza la Kiswahili la Taifa